Mwanamichezo Asiyepona Uchovu

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, pembezoni mwa Tabora ya leo, hadi Bagamoyo, umbali wa takriban kilomita 800, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi. Msafara uliondoka alfajiri na kwa kawaida ulituliza mizigo kabla jua halijawa kali. Palipokosekana maji, kama katika nyika ya Mgunda Mkali, ililazimu kwenda tena alasiri, mwendo ulioitwa terekeza. Historia hiyo isipambwe, kwani njaa na ndui viliua wengi njiani. Hata hivyo, ratiba ile ilitambua kwamba mapumziko ni sehemu ya safari.

Fiziolojia inakubaliana nayo. Mazoezi huuchosha mwili. Usingizi, chakula na mapumziko ndivyo huujenga upya. Uchovu wa siku chache unaofuatiwa na nafuu ni wa kawaida. Uwezo ukiendelea kushuka kwa wiki nyingi au miezi ingawa mhusika amepumzika, huku usingizi ukiharibika, hasira zikizidi na hamu ya mchezo ikitoweka, hapo pana maradhi ya mazoezi kupita kiasi. Mwaka 2013, vyama vya wataalamu wa sayansi ya michezo vya Ulaya na Marekani vilieleza kwa pamoja kwamba hakuna kipimo kimoja cha kuyathibitisha. Hutambuliwa baada ya kuondoa sababu nyingine.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana anayekonda, kukohoa na kutoka jasho usiku asiambiwe tu apunguze mbio. Apimwe kifua kikuu. Malaria, upungufu wa damu, kichocho na VVU navyo vichunguzwe. Kadhalika, mkimbiaji ambaye kipimo hakioneshi vimelea asirudiwe kupewa dawa ya malaria kwa sababu tu amechoka.

Kocha huhesabu kilomita za uwanjani. Mwili huhesabu pia ndoo za maji, jembe na kazi ya tumbaku. Chakula kisipolingana na jasho hilo, madhara hufika hadi kwenye mifupa. Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu achunguzwe, ukiwemo ujauzito, wala isidhaniwe kuwa ni dalili ya ukakamavu. Watanzania humsifu kwa haki John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu, lakini ushujaa wa siku moja haufai kuwa ratiba ya kila wiki.

Tiba ni kusimamisha au kupunguza sana mazoezi, kulala vya kutosha na kula zaidi. Nafuu inaweza kuchukua miezi. Mwenye huzuni isiyoisha apatiwe pia msaada wa afya ya akili. Kurejea kuanze kwa matembezi, kisha mbio nyepesi, na dalili zikirudi, mhusika arudi hatua moja nyuma. Anayezimia au kuumwa kifua akikimbia, au anayekojoa mkojo wa rangi ya kahawa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.