Sauti Moja, Herufi Moja

Mtu abuniye lugha mpya hana budi kuamua mapema jinsi itakavyoandikwa. Sauti zikizidi herufi, njia ni mbili: ama kuzitia herufi alama, ama kuandika sauti moja kwa herufi mbili. Kila njia ina faida yake na gharama yake.

Mwaka 1887, katika mji wa Warsaw uliokuwa chini ya Urusi, tabibu wa macho aitwaye L. L. Zamenhof alitoa kitabu cha lugha aliyoibuni, nayo ndiyo Kiesperanto. Kanuni yake ilikuwa hii: kila sauti na herufi yake, na kila herufi na sauti yake. Kwa hiyo alizivika kofia herufi tano, ĉ, ĝ, ĥ, ĵ na ŝ, na juu ya u akaweka alama mfano wa kibakuli, ŭ. Sauti tuiandikayo sisi sh, yeye aliiandika ŝ. Na ch yetu ndiyo ĉ yake. Jumla zikawa herufi 28.

Msomaji alipata raha, lakini mpiga chapa alipata taabu, kwa kuwa wengi hawakuwa na herufi hizo za risasi. Zamenhof akatoa ruhusa: asiye nazo na aandike ch, gh, hh, jh na sh, na u tupu. Hapo mashaka yakaingia. Neno flughaveno, yaani kiwanja cha ndege, limeungwa kwa flug, kuruka, na haveno, bandari. Asomaye gh kuwa ni ĝ hulikosea.

Mwaka 1907 watu waliotaka kuitengeneza lugha hiyo upya walijitenga, wakaanzisha Kiido, kisicho na kofia hata moja. Huandika sh na ch kama sisi. Na s ikikutana na h katika neno la kuungwa, hutia kistari: chas-hundo, mbwa wa kuwindia.

Na tusidhani kwamba mambo hayo ni ya wageni tu. Jina Is-haka tunaliandika kwa kistari kwa sababu iyo hiyo. Tena ng'oa ni kutoa jino au mti, bali ngoa ni wivu au tamaa. Kinachoyatenga maneno hayo katika maandishi ni kialama kimoja kidogo. Basi tunapoandika tusikiache, maana akiachaye huandika neno jingine.