Mtandao Umekata, Ila Umekatikia Wapi?

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mkongo wa baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kurasa ziligoma kufunguka, video zikazunguka tu bila kucheza, na Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga milango kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Wengi walishangaa: waya ukatike huko kusini, Dar ikwame? Jibu lilikuwa katika Bahari ya Shamu. Februari mwaka huohuo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika huko, na inaaminika ziliburutwa na nanga ya meli Rubymar iliyopigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Njia ya kaskazini ilipopungua, data nyingi za Afrika Mashariki ziendazo Ulaya ziligeuzwa zipitie kusini. Kusini nako kukakatika. Kenya iliyumba pia, ila ilikuwa na nafuu ya mkongo wa TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah bila kupita sehemu zote hizo mbili.

Angalau siku ile mkosaji alijulikana. Kero ya kila siku haina meli wala kombora. Ni saa mbili usiku, mtoto anahangaika na kazi ya shule, baba anatazama mpira unaoganda kila mshambuliaji akikaribia lango, na mama yuko kwenye simu na huduma kwa wateja, akisikilizishwa muziki uleule. Mwishowe sauti inatokea: "Pole sana mama. Umeshajaribu kuzima rauta na kuiwasha tena?"

Ushauri huo si wa kipuuzi kama wengi wanavyodhani. Rauta ni kompyuta ndogo, na ikikaa wiki nyingi bila kuzimwa kumbukumbu yake huweza kuelemewa. Ikiwashwa upya huanza kazi ikiwa nyepesi, huungana upya na mtoa huduma, na nyingi hutafuta chaneli yenye msongamano mdogo. Ubaya ni kwamba tatizo likiondoka, hakuna aliyejua lilikuwa nini, na wiki ijayo simu ni ileile.

Mara nyingi tatizo halijatoka hata nje ya mlango. Fundi huiacha rauta pale waya unapoingilia, kwa kawaida sebuleni, ili asitoboe kuta nyingi. Wenye nyumba nao wanaificha nyuma ya televisheni, wanaifungia kabatini, au wanaifunika kitambaa cha kufuma isipate vumbi. Kisha mawimbi yanatakiwa yapenye tofali za saruji na nguzo ya zege yenye nondo hadi chumba cha nyuma. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika upesi yakikutana na kuta. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi, ila yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye ghorofa la Upanga jijini Dar es Salaam, ambako simu inaorodhesha majina ya Wi-Fi za majirani hadi mtu anachoka kusoma, chaneli hizo zinagombaniwa na jengo zima. Na maikrowevu hutumia takriban masafa hayohayo. Wanaopasha ubwabwa wanaweza kuwakatia wengine mazungumzo ya video bila kujua.

Kipimo cha kutenganisha kosa la nyumbani na kosa la kampuni ni rahisi: kuchomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya. Kwa waya kasi ikiwa nzuri, mkosaji ni Wi-Fi, na hakuna kifurushi cha bei kubwa kitakachomponya. Ikiwa mbaya kwa waya pia, lawama zihamie nje.

Hata hapo kuna mtego. Programu za kupima kasi kwa kawaida huchagua seva iliyo karibu, mara nyingi iliyomo jijini humohumo. Matokeo yanaweza kupendeza huku njia ya kwenda Ulaya ikiwa imebanwa. YouTube nayo haina uhakika kama shahidi, kwa sababu Google huhifadhi nakala za video zinazotazamwa sana kwenye seva zilizo karibu na watazamaji. Ndiyo maana nyumba moja huwa na watu wawili wanaobishana kwa dhati, mmoja akisema mtandao uko vizuri na mwingine akisema umekufa, na wote wanasema kweli.

Halafu kuna jioni. Huduma nyingi za faiba majumbani hutumia mfumo uitwao GPON: waya mmoja wenye uwezo wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Ni bomba moja la uani. Alfajiri kila mtu anajaza ndoo bila foleni, jioni maji yanachuruzika. Mgawanyo wenyewe si dhambi, kwani bila huo bei isingefikika. Kosa ni kuuza kasi ya alfajiri kama ndiyo ya jioni.

Hesabu za matangazo zinaongeza mkanganyiko. Kasi huuzwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Aliyenunua kifurushi cha megabiti 20 akiona filamu inashuka kwa megabaiti 2.5 kila sekunde, hajaibiwa kitu. Ameibiwa, au tuseme amefichwa, pale kifurushi kilichotangazwa hakina kikomo kinapopunguzwa kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi, kwa sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Umeme ndiyo kero yenye tiba ya bei nafuu kuliko zote, na ajabu ni kwamba wauzaji wachache huitaja. Kwenye GPON, kigawanyio kilichoko mtaani hakihitaji umeme. Mwanga unapita kwenye kioo tu. Kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika, mara nyingi faiba bado iko hai na kilichozimika ni rauta. Betri ndogo ya volti 12 huweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Ikiwa taa nyekundu ya LOS inawaka, hiyo ni habari nyingine: mwanga haufiki. Huenda waya umekatwa na greda la barabarani, au umekunjwa vibaya nyuma ya kochi, kwani kioo kikipindwa sana huvujisha mwanga.

Mteja akiweza kusema "LOS inawaka tangu saa tisa" badala ya "mtandao unasumbua", anaruka nusu ya maswali. Lakini si haki mzigo huo umwangukie yeye. Kampuni inaona kutoka ofisini kwake kama kifaa cha mteja kinapokea mwanga, na kwa nguvu kiasi gani. Ingeweza kuanza na hilo kabla ya muziki. Isipotatua, malalamiko hupelekwa TCRA, mdhibiti wa mawasiliano nchini Tanzania, au kwa Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, na hapo namba ya tiketi pamoja na tarehe za kila simu ndivyo vinavyobeba uzito.

Waliochoshwa na nyaya walikimbilia angani. Starlink ilifika Kenya Julai 2023, ikiwa na setilaiti zinazozunguka takriban kilomita 550 juu, wakati zile za mfumo wa zamani hukaa kilomita 35,786. Lakini anga nalo linagawanywa: setilaiti inayopita juu ya mji ina uwezo wenye kikomo kwa eneo lile. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Januari 2025 ilifungua kituo cha kuunganishia mtandao jijini humo, na safari ya data ikafupika sana. Wa kijijini cha mbali, mwenye majirani wachache wa kugawana nao, ana nafuu.