Sufuria inayojipika: kitunga cha joto kwa mama asiye na frigo

Juma hili tunaingia jikoni, kwa sababu katika mikutano yetu ya Mabalako swali moja linarudi kila mara: mama anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda shamba la kakao au sokoni, anarudi jua likielekea kuzama, na watoto wanatoka masomoni saa sita. Nani atapika?

Katika magazeti ya nchi zingine jibu ni rahisi. Mama anapika siku ya mapumziko, anagandisha chakula ndani ya frigo, au anaacha sufuria ya umeme ipike polepole mchana kutwa akiwa kazini. Sisi wengi wetu hatuna hata waya wa umeme mlangoni. Mwenye paneli ya jua anawasha taa na kuchaji simu, basi. Lakini kazi ile ya kupika polepole bila mtu kusimama karibu, tunaweza kuifanya hapa hapa kwa kitunga, vikwembe vizee na majani makavu ya ndizi.

Sisi tunaofundisha tunaona upande mwingine wa jambo hili. Saa ya nne ya masomo mtoto anaweka kichwa juu ya meza. Hana homa, hana uvivu: hajala tangu jana jioni. Na tunaona tena kiti kitupu cha binti wa miaka kumi au kumi na moja, aliyebaki nyumbani kuchunga maharagi na mdogo wake. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, lakini viti vya mabinti wakubwa bado vinapata nafasi siku za shamba. Maharagi yanatia moto wa saa mbili, tatu. Mtoto anachochea, mdogo anacheza pembeni, maji yanachemka. Ni nani kati yetu asiyemjua mtoto mwenye alama ya moto mkononi au kifuani?

Basi tuanze na maharagi, maana ndiyo yanayokula makala kuliko vyote.

Chakula hakiivishwi na moto, kinaivishwa na joto. Sufuria ikisha kuchemka, makala yote tunayoongeza baadaye hayafanyi kitu zaidi ya kurudisha joto linalotoroka kwenye mfuniko, pembeni na chini. Ukiziba njia za kutoroka, joto linabaki ndani na linaendelea na kazi yake. Ni akili ile ile ya kumfunga mtoto mchanga katika kikwembe wakati wa baridi: kikwembe hakina moto, kinazuia tu joto la mwili lisiondoke.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, mtu wa Norwe aitwaye Johan Sørensen alionyesha sanduku lililojaa vitu vya kuzuia joto, sufuria ikikaa katikati. Ndiyo maana katika Kifaransa mpaka leo wanasema marmite norvégienne. Wakati wa vita vikuu, wamama wa Ulaya walipokosa makaa, walipika ndani ya masanduku ya majani makavu. Afrika ya Kusini, mwaka 2008, umeme ulipokuwa unakatika kila mara, Sarah Collins alianza kushona mfuko mkubwa wa kitambaa kwa kazi hiyo, akauita Wonderbag. Na huko Kenya vikundi vya wamama vinasuka chao na kukiita jiko kapu. Sisi tuseme kitunga cha joto, kwani kitunga tunacho tayari.

Tafuteni kitunga kipana chenye mdomo mkubwa, kinachopita sufuria yenu kwa upana wa kiganja kila upande. Chini wekeni tabaka nene la majani ya ndizi yaliyokauka sana, au maganda ya mpunga, au maganda ya kahawa ndani ya gunia, au vipande vya kitambaa kutoka kwa mshonaji. Godoro la sponji lililochakaa ni bora kuliko vyote. Likatwe, lioshwe, likauke. Unene uwe wa vidole vinne vilivyolala, usipungue. Pembeni jazeni vile vile mpaka sufuria ikae kama yai katika kiota. Ndani tandikeni kikwembe, kishonwe ili majani yasianguke katika chakula. Kisha shoneni mto mnene wa kufunika juu. Huo mto wengi wanaudharau, na kumbe joto jingi linapanda juu. Mto ukiwa mwembamba, kitunga chote ni kazi bure.

Sufuria iwe na mfuniko unaokaa vizuri, isiwe na masizi ya kuchafua kikwembe, na ijae: robo tatu ni vizuri. Sufuria kubwa yenye chakula kidogo inapoa upesi. Kwa familia zetu za watu saba, nane, hilo si tatizo.

Sasa maharagi yenyewe. Jioni yaloweke katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, usiyapikie, weka maji mapya. Washa moto, yachemke kwa nguvu, maji yakiruka, na uyaache yachemke hivyo nusu saa nzima. Hapo tunasisitiza kabisa. Maharagi, zaidi yale mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha vikali, na sumu hiyo inauawa na kuchemka kwenyewe. Joto dogo haliitoshi. Mtu akiyapasha tu na kuyatia kitungani, anaweza kuumiza nyumba nzima. Kwa hiyo nusu saa ya moto mkali, halafu bila kufunua mfuniko, ondoa sufuria, itie kitungani mara moja, bana mto juu. Ukifunua kuchungulia, mvuke umeondoka na joto limeondoka nao. Baada ya saa nne maharagi yameiva. Yakiwa ya zamani, yaliyokaa ghalani mwaka mzima, ongeza moto mwanzoni au yarudishe motoni kidogo mwishoni.

Wenzetu wa Butembo wasishangae wakiona yao yanachelewa. Mji wao uko juu, zaidi ya mita 1700, na huko maji yanachemka kwenye digrii kama 94 tu, si 100. Sisi tuko chini kuliko wao, maji yetu yanachemka yakiwa na joto zaidi kidogo. Mama wa Butembo na aongeze robo saa ya moto na saa moja ya kitunga.

Tena, maji. Kitungani mvuke hautoki, kwa hiyo maji hayapungui. Tia maji machache kuliko ulivyozoea, la sivyo mchuzi utakuwa kama wa kuoshea vyombo. Chumvi, kitunguu na mafuta ya mawese tunavitia mwishoni, wakati wa kupasha, na ladha inakaa vizuri.

Mchele unachemka dakika tano, unaingia kitungani saa moja, na hauungui hata siku moja. (Watoto wanaopenda ukoko watalalamika.) Ndizi za kupika na viazi: dakika kumi za kuchemka, saa moja na nusu kitungani. Nyama ya ng'ombe au mbuzi ikatwe vipande vidogo, ichemke dakika ishirini hadi thelathini, ikae saa tatu, nne. Uji wa mtoto unaweza kupikwa asubuhi na kubaki wa moto mpaka saa nne, na hilo kwa mwenye mtoto anayeanza kula ni msaada mkubwa.

Sombe inataka neno lake peke yake. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa vizuri na kwa kuchemshwa, na sumu hiyo inaondoka na mvuke. Kwa hiyo sombe tunaitwanga sana, tunaichemsha wazi, bila mfuniko, nusu saa au zaidi, ndipo tunaifunika, inachemka tena kidogo na kuingia kitungani pamoja na samaki wa moshi au makayabo iliyolowekwa. Usiifunike tangu mwanzo kwa kuharakisha.

Na bugali? Bwana mmoja alituuliza hivyo kwa kicheko, akidhani ametushinda. Bugali haupikwi kitungani, unataka mkono na mwiko. Lakini kusonga bugali ni kazi ya dakika chache. Mboga ikiwa tayari na ya moto, mama anayerudi saa kumi na moja anawasha moto mdogo wa maji ya bugali tu, na familia imekula kabla ya giza. Maji hayo yenyewe yanaweza kuchemshwa asubuhi na kungoja ndani ya kitunga cha pili. Yanachemka tena kwa makala ya kiganja.

Kula kabla ya giza, hapa kwetu, si anasa. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwishoni mwa mwaka 2014, kila mama anajua hesabu ya kutoka na kurudi. Kuni zilizo karibu zimekwisha, za mbali ziko mahali ambapo hatutaki kumtuma mtu, wala binti, wala mama. Kila mzigo wa kuni ambao nyumba haikuuhitaji ni safari moja iliyopungua. Hatusemi kitunga kinaleta usalama. Tunasema kinapunguza mara za kwenda porini, na mwenye kutembea njia zile anaelewa uzito wa jambo hilo. Anayenunua makala atapata faida mfukoni. Pimeni wenyewe: juma moja hesabu makopo ya makala kama kawaida, juma la pili hesabu pamoja na kitunga, mlete hesabu zenu katika mkutano. Tungependa hesabu ya kwenu kuliko ya kwenye karatasi.

Sasa onyo, maana kitunga si frigo. Chakula kikiwa cha moto sana, vijidudu haviwezi kuzaana. Kikipoa na kuwa vuguvugu, hapo ndipo vinapofanya karamu. Kwa hiyo chakula kilichoingia kitungani saa moja asubuhi kiliwe mchana, au kipashwe mpaka kichemke tena kabla ya kuliwa jioni. Ukifungua na kuweza kushika sufuria kwa mkono mtupu bila kuungua, kichemshe. Kikiwa kimekaa vuguvugu saa nyingi hujui ngapi, mwaga, hata kama roho inauma. Usilaze maharagi kitungani usiku mzima uwape watoto asubuhi bila kuyachemsha. Na mchele uliobaki wa jana ni hatari kuliko watu wanavyofikiri: hata ukichemshwa, sumu iliyoachwa na vijidudu vyake haiondoki kwa moto. Pika unaotosha.

Tuliyojifunza wakati wa Ebola, ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika zone yetu ya afya na kumalizika Juni 2020, tusiyaache: maji na sabuni mlangoni, mikono kuoshwa kabla ya kushika chakula. Mtoto anayejipakulia mwenyewe saa sita anaosha mikono kwanza na anatumia upawa, hatii sahani ndani ya sufuria. Mfundisheni kupakua na kufunga mto tena kwa ajili ya wengine.

Kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo walio na frigo ya kugandisha, njia nzuri ni kuunganisha mambo mawili. Maharagi mengi yapikwe mara moja kwa juma, yapoe upesi katika beseni pana, si ndani ya sufuria kubwa usiku kucha, yagawanywe katika vyombo vya mlo mmoja mmoja, yagandishwe. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa inakubali vile vile. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa frigo bila sababu: ikiwa imejaa na imefungwa inaweza kushika baridi siku nzima na zaidi. Kilichoyeyuka na kupata joto hakirudishwi kugandishwa. Samaki wa barafu anayetoka sokoni anaweza kusafiri ndani ya kitunga, kwani kinachozuia joto kutoka kinazuia pia joto kuingia. Kioshwe tu baadaye, harufu yake haisameheki.

Faida moja zaidi. Mvua ikinyesha, wengi tunaingiza mbabula ndani ya nyumba na kufunga mlango. Makala yanayowaka katika nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke. Kwa kitunga, moto unawashwa nusu saa nje chini ya paa la jikoni, unazimwa kwa majivu, makala yaliyobaki yanangoja kesho. Usiku hakuna moto ndani.

Wenye likelemba wanaweza kufanya kama wanavyofanya kwa sahani na vikwembe: kila mkutano kinashonwa kitunga cha mama mmoja, mikono ya wote, mpaka zamu iishe. Wanaoanza waanze na wenye watoto wadogo na walio peke yao. Leteni gunia, sindano kubwa na kikwembe ambacho hamwoni haya kukikata. Majani ya ndizi yaanikwe siku tatu za jua kwanza, kwa sababu yakiwa na unyevu yanaoza na kuleta panya. Kila juma kikwembe cha ndani kivuliwe, kifuliwe, kianikwe, na kitunga chenyewe kikae juani mdomo wazi.