Picha Ikishazimwa: Video na Mazungumzo ya Ubaguzi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza namna video fupi ya elimu inavyowafungua watu midomo kuhusu ubaguzi. Kazi ngumu huanza picha inapozimwa. Nawafikiria watu wa Busunzu, kando ya barabara ya Kasulu–Kibondo. Muha wa huko na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka huelewana bila mkalimani, lakini kijana Muha akisafiri mikoa mingine hushukiwa kuwa mkimbizi, naye akirudi nyumbani humtazama mkimbizi kutoka Burundi kwa jicho lile lile.

Ubaguzi wa makabila katika Maziwa Makuu ulichochewa pia na nadharia ya rangi. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu kilichodai kuwa watawala wafugaji wa Maziwa Makuu ni uzao bora uliotoka Ethiopia. Wabelgiji wakaipa nadharia hiyo meno: miaka ya 1930 walianza kugawa vitambulisho Rwanda vinavyomtaja mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Buha, nchi ya Waha, nayo ilikuwa na watawala wa Kitutsi, kwa hiyo video ya historia hii haiwahusu majirani peke yao.

Wengi hudhani mjadala wowote ni dawa. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilipima jambo hilo mashariki mwa Kongo kwa mchezo wa redio. Maeneo mengine yalisikia mchezo tu; mengine yaliongezewa kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Matokeo, yaliyochapishwa 2010, yananitia hofu: waliohimizwa walijadiliana zaidi kweli, ila uvumilivu wao ulipungua, na walipoombwa kutoa chumvi iwaendee watu wa kundi wasilolipenda, wakawa wagumu zaidi.

Rwanda, katika utafiti wake mwingine, mambo yalikwenda vingine. Mchezo wa redio wa maridhiano uitwao Musekeweya, ulioanza 2004, ulisikilizwa kwa vikundi; vikundi vingine vilisikiliza mchezo wa afya, kwa ulinganisho. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio kaseti moja ya kutumia pamoja. Vikundi vilivyosikiliza mchezo wa afya viliikabidhi haraka kwa kiongozi wa eneo. Vya Musekeweya vilibishana kwanza, vikataka kuitunza kwa ushirika. Imani za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichoona kinafaa kusemwa na kutendwa mbele za watu, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Basi ukiwa kwenye kibanda umiza au darasani jioni, usiulize nani alianza. Swali hilo litarudisha mauaji ya Burundi ya 1972 na 1993, na familia nyingi zina wafu wao. Kama video ina abiria anayeteremshwa kwenye basi kwa sababu ya lafudhi yake, isimamishe hapo, uulize: aliyekaa kiti cha jirani angefanya nini? Nani hapa angethubutu? Waache wabishane juu ya kitendo hicho hadi wachoke. Na kama kikaoni yumo Mrundi aliyeoa kijijini, asigeuzwe shahidi wa taifa zima. Aulizwe swali lile lile waliloulizwa wenzake.

Wiki ijayo: nani anafaa kuongoza kikao, na kwa nini mwenyekiti wa kijiji huenda asiwe mtu wa kwanza kuombwa.