Joho na Vitabu vya Mgonjwa

Tunawasalimu ninyi mlio Nakuru mjini, na ninyi wa Njoro, Molo, Elburgon, Subukia, Gilgil na Naivasha, na hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa kitandani. Kipindi cha leo ni chenu. Wenye afya nao wasikilize, maana kuna neno lao ndani yake, na sisi tuliotumwa kulileta limetuchoma kwanza.

Tuufungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, mlango wa 4. Mtume Paulo yu kifungoni huko Rumi, naye anajua ya kuwa siku zake si nyingi. Amekwisha kusema maneno makubwa juu ya mwendo alioumaliza na taji analolingoja. Wahubiri wengi tukifika hapo hufunga Biblia, maana hotuba imekwisha kupata kilele chake. Lakini Paulo hakufunga waraka. Katika mstari wa 13 anamwomba Timotheo kwamba akija amletee lile joho lililobaki Troa nyumbani kwa Karpo, na vitabu pia, na zaidi vile vya ngozi. Mbele kidogo, katika mstari wa 20, anasema amemwacha Trofimo huko Mileto hali ni mgonjwa. Kisha anamhimiza Timotheo afike kabla ya majira ya baridi.

Joho na vitabu! Mtu anayekitazama kifo bado anakumbuka alikoiacha nguo yake, na ni kwa nani. Haombi nguo yoyote tu, anaomba ile yake. Wala hasemi kwamba amesoma vya kutosha. Waraka huu hausemi kwamba Paulo alikuwa mgonjwa, alikuwa mfungwa. Lakini waliolala wodini miezi watatuambia kwamba mambo hayo mawili hufanana sana.

Sasa tuwaambie yaliyotupata. Katika ushirika wetu yuko dada mmoja, ambaye hatutamtaja jina, anayependa mambo mawili kuliko watu wengi tunaowajua. La kwanza ni kusoma. Husoma magazeti, hadithi, vitabu vya watoto wake vya shule, hata karatasi iliyofungiwa sukari. La pili ni mavazi. Si tajiri. Hununua mitumba na vipande vya kitenge sokoni, akavipeleka kwa fundi wa cherehani au akashona mwenyewe kwa mkono, na Jumapili ukimwona ungedhani nguo imetoka dukani. Kitambaa cha kichwa lazima kipatane na gauni, na vifungo vipatane na kitambaa.

Dada huyu alianza kukohoa. Majuma mawili yakapita, ikawa matatu. Jioni homa, usiku jasho la kulowanisha shuka, na mwili ukapungua hata magauni yakamning'inia. Alipokwenda kupimwa makohozi akaambiwa ni kifua kikuu cha mapafu. Akaanzishiwa dawa, ambazo katika vituo vya serikali hapa Kenya hutolewa bila malipo, za miezi 6.

Sisi tulikwenda kumwombea. Tuliimba, tukaomba, tukaacha unga na maziwa. Hayo yalikuwa mema. Lakini alikuwa na vitabu vitatu vya maktaba yetu ndogo ya kanisa, naye akataka kuvirudisha apewe vingine. Tukamwambia akae navyo tu. Yako mashali mawili aliyokuwa amewafumia akina mama wenzake. Walioyapokea waliyaweka kwenye mfuko wa plastiki na hawakuyavaa. Mmoja wetu, akidhani anamtia moyo, akamwambia: "Dada, wakati huu si wa mavazi wala hadithi, ni wa kutubu." Alinyamaza. Tulipotoka, hakutusindikiza hata mlangoni, na sisi tukasema ni uchovu wa ugonjwa.

Wapendwa, tulikosa katika mapendo, na tulikosa katika maarifa pia. Tuyaanze na maarifa. Robert Koch wa Ujerumani alitangaza tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekipata kijidudu kinacholeta ugonjwa huu. Kijidudu hicho husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiongea kwa nguvu au akiimba, matone madogo mno hutoka na kuelea, na mwingine huyavuta akipumua. Hakiambukizwi kwa kitabu, wala kwa shali, wala kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono. Jua hukiua, na hewa inayopita hukitawanya. Tena mgonjwa akimeza dawa zinazouweza ugonjwa wake kila siku, kwa kawaida baada ya majuma mawili hivi hatari ya kuwaambukiza wengine huwa imepungua sana.

Basi tazameni tulivyokuwa. Tuliviogopa vitabu vitatu visivyoweza kumdhuru mtu, na huku kanisani, kwa sababu ya baridi ya Julai, tulikuwa tumefunga kila dirisha na kwaya inaimba kwa sauti kuu! Ndugu zetu wa Molo, walioko karibu mita 2,500 juu ya bahari, wanaijua baridi hiyo kuliko sisi. Hata hivyo dirisha na lifunguliwe. Hapa ndipo sweta na joho vinapofanya kazi yao: mtu ajifunike vizuri, hewa ipite.

Tena tusisahau tulikotoka. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa miezi mingi akingoja tu kupumzika na hewa safi vimsaidie. Dawa ya sindano ya streptomaisini ilipatikana katika miaka ya 1940, lakini hata baadaye matibabu ya kawaida katika nchi zetu yalichukua mwaka mmoja na nusu, na wengi waliyaacha njiani. Yaliyofupisha safari hiyo yalijaribiwa papa hapa. Wagonjwa wa Afrika Mashariki walikubali kutibiwa katika uchunguzi uliofanywa na mabaraza ya utafiti ya Afrika Mashariki na Uingereza, na matokeo yaliyochapwa mwaka wa 1972 yalionyesha kwamba miezi 6 yaweza kutosha, dawa zinazofaa zikiunganishwa. Leo mgonjwa wa Brazili au wa Bara Hindi anayemaliza dawa kwa nusu mwaka amefaidika na uvumilivu wa watu waliolala katika wodi zetu. Majina yao hatuyajui.

Turudi kwa dada yetu. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne pamoja, na miezi minne inayofuata humeza mbili. Mhudumu alimweleza mambo ambayo kila mgonjwa apaswa kuyajua. Dawa moja, rifampisini, huugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na jasho na machozi yaweza kugeuka pia. Si damu, wala si ishara mbaya. Dada yetu akauliza mara moja: "Na ukosi mweupe je?" Mhudumu akacheka, akamwambia avae nguo za rangi kwa muda. Dawa nyingine, aisoniazidi, yaweza kuleta ganzi na kuchomachoma katika vidole, kwa hiyo hupewa vitamini ya B6 kuzuia jambo hilo. Na ile iitwayo ethambutoli, mara chache, hugusa macho: maandishi huwa na ukungu, au nyekundu na kijani huanza kufanana.

Katika juma la saba alikuwa ameketi uani juani, ana sindano mkononi, anashona kifungo. Akamwomba binti yake ampe uzi wa kijani. Binti akampa. "Huu mwekundu, mwanangu," akasema. Binti akajibu, "La, mama, huu ni wa kijani." Wakauweka karibu na majani ya mti, bado akaona vilevile. Jioni akajaribu kusoma, na maneno yaliyokuwa wazi mwezi uliopita yalikuwa kama yameandikwa nyuma ya moshi.

Hakuacha dawa kwa shauri lake mwenyewe. Jambo hili tunalisema kwa nguvu, maana kuacha ovyo hukipa kijidudu nafasi ya kuwa sugu, na matibabu ya ugonjwa sugu ni magumu kuliko haya. Kesho yake asubuhi alipanda matatu, akaenda kituoni akaeleza habari ya uzi. Daktari akampima macho, akaiondoa dawa ile moja na kuyapanga upya matibabu yake. Jambo hilo likishikwa mapema, mara nyingi macho hupona. Yake yalipona, pole pole, kwa miezi kadhaa. Likichelewa, mtu aweza kubaki na upungufu.

Sasa mtuambie, ninyi mnaosema mgonjwa aache mapambo na hadithi: mwanamke asiyejali rangi za nyuzi angegundua lini? Na asiyesoma kila jioni, angejuaje kwamba herufi zimefifia? Sisi tulikuwa tumemshauri aviweke kando vile viwili, na hivyo viwili ndivyo vilivyomwonya.

Tunajua yuko atakayetukumbusha Waraka wa Kwanza wa Petro, mlango wa 3, juu ya kujipamba kwa nje. Tunaukubali mstari huo. Lakini Petro alikuwa akifundisha uzuri wa moyo. Hakuandika ili tumvue mgonjwa kitambaa cha kichwa. Bwana wetu alipomponya yule mtu wa Wagerasi, watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na Luka aliona nguo hizo zinastahili kutajwa.

Basi, mpendwa mgonjwa, tukupe machache tuliyojifunza kwake. Homa huja jioni, kwa hiyo soma asubuhi, ukurasa mmoja au miwili, kisha ufunge kitabu kabla hakijakuchosha. Kaa nje, au karibu na dirisha lililo wazi. Siku ambayo macho hayataki, mwombe mtoto akusomee, naye atajifunza kusoma kwa sauti. Usione haya kusoma hadithi ya kuchekesha. Zaburi hazitaona wivu. Usiku weka nguo kavu karibu na kitanda, ubadilishe jasho likija, maana kuamka katika nguo safi ni nusu ya asubuhi njema. Na siku ya kwenda kliniki vaa vizuri. Dada yetu alikuwa akichagua vazi la siku hiyo tangu jana yake, na alituambia kwamba bila hilo, yako majuma ambayo asingekwenda.

Na ninyi mnaokwenda kumtazama mgonjwa: unga ni mwema, msiuache. Lakini muulizeni pia alikoliacha joho lake. Yaani nini kilichokuwa chake kabla ya ugonjwa, na kiko kwa nani sasa? Timotheo hakuambiwa alete chakula.

Sisi tulirudi kwake mwezi wa tatu. Tulikwenda na vitabu vinne, tukavichukua vile vitatu, na mmoja wetu alikuwa amelivaa lile shali. Hatukujua tuanzeje. Mama mzee kati yetu akasema, "Mwanangu, tulikukosea. Tuliogopa kitu kisichoogopwa." Dada yetu alilitazama shali muda mrefu, kisha akasema limefungwa vibaya, akainuka akalifunga upya mwenyewe. Hatukuzungumza tena habari ile. Akatuonyesha gauni lake la kitenge ambalo fundi alikuwa amelipunguza alipokonda. Fundi alitaka kukata kitambaa kilichozidi, naye akamkataza: "Usikate, kunja tu, ushone juu juu." Tukaona mikunjo ile ndani ya gauni, mipana kama vidole vitatu kila upande.

Miezi yake ilipotimia alipimwa tena, akaambiwa amepona. Jumapili iliyofuata alifika kanisani na gauni lilelile, mikunjo yote imefumuliwa, na ukitazama kwa karibu waweza kuona mahali uzi wa zamani ulipopita. Madirisha yalikuwa wazi. Aliimba sauti ya pili.