Safari ya Ukoo Kwenda Ziwa Nyasa



Wako Wakristo wengi wanaodhani ya kuwa kupumzika ni kazi ya wavivu, na kwamba mtu aliyeshika jembe au chaki hana haki ya kuiweka chini hata siku tatu. Tena wako wengine wanaosafiri sana, lakini kila mmoja peke yake: baba kwa biashara, mama kwa msiba, watoto kwa shule, wala ukoo mzima hauonani ila mahali pa kaburi. Katika Injili ya Marko, sura ya sita, twasoma jinsi Bwana wetu alivyowaona mitume wake wamechoka, hawana hata nafasi ya kula, akaenda nao kwa chombo mpaka mahali pasipo watu wapate kupumzika. Basi pumziko lina kibali chake, na pumziko lile la mitume lilikuwa kando ya ziwa. Nami nataka kuwaeleza habari za safari ya namna hiyo, tuliyoifanya watu kumi na saba wa ukoo mmoja katika likizo ya shule ya mwezi wa sita, kutoka Songea mpaka Liuli, ufuoni mwa Ziwa Nyasa.

Bibi yetu, mzaa mama, ni Mnyasa wa Liuli. Aliolewa na Mmatengo, akapanda milimani angali msichana, na sasa amepita miaka themanini. Alitamani kuliona ziwa tena kabla ya kuitwa na Mungu. Lakini wanawe wawili wa kiume, ndio wajomba zangu, walikuwa hawajala sahani moja kwa miaka tisa, kwa ajili ya shamba la kahawa aliloliacha babu karibu na Mbinga. Wazee wa kanisa walikwisha kuwaita mara tatu. Kila mara kila mmoja alikuja na mashahidi wake, akaondoka nao. Bibi hakusema neno juu ya shamba. Alisema hivi tu: “Miguu yangu imekwisha. Nitakwenda ziwani nikishikwa mkono na wanangu wote wawili. Akikosa mmoja, nitakaa hapa hapa.” Mjomba mdogo, akaaye Songea, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Vema, mama.” Mjomba mkubwa alipelekewa habari Mbinga, naye akajibu kwamba ni wakati wa kuchuma kahawa, lakini atakuja.

Tuliandaa safari miezi minne. Kila nyumba ilitoa fungu lake baada ya mavuno, na mfuko ulishikwa na mama yangu, kwa sababu hana haya ya kumdai mtu. Tulikodi gari dogo la abiria. Tulichukua unga, maharage, chumvi, vyandarua, na madumu ya kuwekea maji. Asubuhi ya siku ile tulisali uani, tukamwinua Bibi garini, tukaondoka kabla jua halijachomoza.

Tulipopita Peramiho niliwaeleza watoto habari za mahali pale. Mabruda na mapadre wa Mtakatifu Benedikto walianza kazi yao hapo mwaka 1898. Katika vita vya Maji Maji misheni ikateketezwa mwaka 1905, kisha ikajengwa tena. Mtoto mmoja aliuliza, “Waliochoma na waliojenga walikuwa watu mbalimbali?” Nikamjibu ya kuwa wajukuu wa waliopigana pande zote mbili wamepiga magoti katika kanisa lile lile. Sikuwa na watu wengine fikirani nilipojibu hivyo, lakini mjomba mdogo aligeuza uso dirishani.

Mbinga tulimkuta mjomba mkubwa amesimama kando ya barabara, amevaa koti, na gunia la viazi miguuni pake. Walisalimiana kwa maneno mawili. Bibi akapanga viti yeye mwenyewe: mkubwa mkono wake wa kuume, mdogo mkono wa kushoto. Hivyo walikwenda mwendo wote uliobaki, mama yao katikati kama mpaka.

Katika milima ya Umatengo watoto walistaajabu kuona miteremko yote imejaa mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki. Wakauliza kama ni makaburi. Mjomba mkubwa akacheka, akawaeleza ya kuwa hayo ni mashamba ya ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini katika miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuufunika juu ya majani, hata likabaki shimo lenye kuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya kuta hizo, na mahindi hufuata msimu wa pili. Mvua ikinyesha, maji hayatelemki yakabeba udongo, bali hutua shimoni na kuzama polepole. Kwa hiyo mlima mkali hulimwa miaka mingi wala hauporomoki. Hapo mjomba mdogo, akitazama mbele, alisema, “Kaka, hukuwaambia kwamba yale majani huoza chini, nayo ndiyo mbolea.” Mkubwa akajibu, “Kweli, nimesahau.” Katika miaka tisa, hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia baina yao yasiyokuwa na shahidi.

Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilomita kama 66, na njia hutelemka kwa kona nyingi. Baridi ya milimani hukuacha, joto hukupokea, na mara, kati ya vilima viwili, ziwa huonekana. Dereva alisimamisha gari bila kuambiwa. Bibi hakulia, wala hakusema kitu. Alinyosha mkono tu kana kwamba anamwonyesha mtu nyumba yake.

Yafaa walimu wawafundishe watoto sifa za ziwa hili. Liko katika Bonde la Ufa, nalo ni mali ya nchi tatu: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Urefu wake ni kama kilomita 580, upana wake mahali papana kabisa ni kama kilomita 75, na kina chake kinafika kama mita 700. Mito mingi huingia, mmojawapo mkubwa ni Ruhuhu wa upande wetu. Lakini mto utokao ni mmoja tu, Shire, uendao kujiunga na Zambezi. Chini sana maji hayana hewa ya kutosha samaki, basi wote huishi katika tabaka la juu. Na samaki hao ni wa mamia ya namna, wengi wao hawaonekani ziwa lingine lolote duniani.

Kati ya hao wako samaki wadogo wa rangi za buluu na manjano wakaao kati ya mawe. Mvuvi mmoja mzee alituonyesha ajabu yao. Mama akisha kutaga, huyachukua mayai kinywani mwake na kuyalea humo hata yaanguliwe, na siku zile huwa hali au hula kidogo sana. Kwa baadhi ya samaki wa ziwa hili, watoto wakitoka hucheza karibu na mama. Wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama. Bibi alisikiliza, kisha akasema, “Mimi nao wamekuwa wakubwa mno, hawaenei tena kinywani.” Watu wote wakacheka, hata wale wawili waliotajwa.

Jambo moja tulilipiga marufuku tangu siku ya kwanza: watoto kuoga penye matete na maji yaliyotulia. Hapo ndipo makao ya konokono wanaobeba ugonjwa wa kichocho. Mdudu wake alitambuliwa na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, mwaka 1851 huko Misri. Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu humwingia konokono, na baadaye hutoka wamegeuka, wakatoboa ngozi ya mwogaji bila yeye kuhisi. Nao hutoka kwa wingi wakati wa jua kali la mchana. Tuliteka maji tukayaacha katika madumu siku mbili ndipo tukayaogea, kwa maana vijidudu hivyo hufa visipopata mtu. Mtoto akikojoa damu msimpeleke kwa mganga wa ramli. Dawa ya vidonge ipo hospitalini, nayo huponya.

Liuli ni bandari nzuri, na mbele yake liko jabali kubwa lililofanana na mnyama aliyelala. Kwa ajili yake Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Hapo, katika mwezi wa Agosti 1914, palitokea jambo ambalo wazee hawajalisahau. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu itengenezwe. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza iitwayo Guendolen. Vita vilikwisha kutangazwa Ulaya, lakini habari haikumfikia Berndt. Rhoades akaja, akaipiga meli ya rafiki yake kwa mzinga, akamteka. Niliisimulia habari hii jioni, moto ukiwaka. Hakuna aliyetoa maana yake, wala mimi sikuongeza neno.

Pale pale Liuli alifariki mwaka 1928 Archdeacon William Percival Johnson, mmisionari wa Kiingereza aliyezunguka pwani za ziwa hili miaka zaidi ya arobaini, naye macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Bibi alisikia habari zake kwa mama yake. Jumapili tulikwenda kanisani, Bibi katikati, mkono mmoja kwa huyu na mkono mmoja kwa huyu, kama alivyotaka.

Siku ya nne likatokea neno. Dada mdogo wa Bibi, ndiye pekee aliyebaki, hukaa kijiji kingine cha ufuoni, na njia fupi ni ya majini. Mjomba mdogo alikodi mtumbwi wenye mashine, akataka Bibi na watoto wapande asubuhi hiyo hiyo. Mjomba mkubwa akakataa, kwa kuwa upepo ulianza kuvuma. Sauti zikapanda. Mdogo akasema, “Hata maji nayo unataka kuyatawala, kaka, kama ulivyotawala shamba?” Pale palinyamaa kimya. Lile neno la miaka tisa limetoka mbele ya watoto.

Ndipo yule mvuvi mzee akaja. Hakuamua kati yao. Alisema, “Wanangu, msitazame maji ya hapa ndani. Tazameni nje ya jabali.” Tukatazama. Ndani ya bandari maji yalikuwa kama sahani. Nje, povu jeupe. Ni ule upepo wa kusini uitwao mwera, ambao tangu mwezi wa tano mpaka wa nane huinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi. Akatukumbusha meli Vipya, iliyozama katika ziwa hili siku ya 30 Julai 1946 kwa dhoruba, wakafa watu zaidi ya 140. Na hiyo ilikuwa meli ya chuma, si mtumbwi. Mjomba mdogo akasimama muda mrefu. Kisha akaenda kumlipa mwenye mtumbwi nusu ya fedha kwa usumbufu, akarudi, akasema, “Hatuendi.” Alasiri mtumbwi mwingine uliingia bandarini, watu wake wamelowa, na magunia yao ya muhogo wameyatupa majini ili wapate kuelea.

Jioni ile mjomba mkubwa alichukua sahani ya ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, akaenda kukaa karibu na ndugu yake juu ya mchanga. Alisema, “Leo ulinisikia. Na mimi nina jambo la kukusikia wewe.” Waliyozungumza sikuyasikia, wala sikuuliza. Sahani ilirudi tupu. Siku ya pili upepo ulipotulia, kabla ya mapambazuko, tulimvusha Bibi akamwona dada yake.

Msidhani kwamba kila kitu kilikwisha. Katika mwezi wa nane wajomba walipima shamba kwa kamba, mbele ya wazee wa kanisa. Mpaka wa juu wamekubaliana. Wa chini, penye kijito, bado. Lakini sasa hubishana wakiwa wawili, wala hawaleti mashahidi. Nao wazee wamepata nafasi ya kuamua mambo ya watu wengine.

Basi, enyi wenye nyumba, ninyi msiishio mbali na ziwa au mto au mlima wenu, wekeni akiba kidogo kidogo tangu mavuno, mwende pamoja. Msiwaache wazee nyumbani kwa kuwa ni wazito kubebwa. Wao ndio wenye kujua njia. Wapeni watoto kazi za safari, wajifunze kuteka maji na kumngoja aliye nyuma. Kabla ya kupanda chombo, mwulizeni mtu wa maji, wala msione haya kuahirisha. Jumapili ikiwakuta njiani, tafuteni kanisa. Na kama katika ukoo wenu wako wawili wasioongea, wapangieni kiti kimoja garini, mama yao akae katikati. Sisi walimu twaweza kuhubiri habari za upatanisho mwaka mzima. Lakini kuna maneno ambayo watu hawayasemi mpaka wametoka nyumbani kwao, wakala chakula cha jasho moja, na kulitazama jambo lililo kubwa kuliko shamba.

Bwana awalinde katika kutoka kwenu na kuingia kwenu.