Maktaba Wavuti Inapobadilika

Mtahiniwa, insha kuhusu maktaba huwaponza wengi kwa sababu huandika juu ya jengo, rafu na ukimya, kisha huishia hapo. Tuiangalie kazi yenyewe.

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Wakati huo kilichohifadhiwa kilikuwa karatasi, na kitabu kikishapangwa rafuni maneno yake hayabadiliki. Ukurasa wa wavuti ni jambo jingine: huweza kuhaririwa usiku mmoja, kuhamishiwa anwani mpya au kufutwa kabisa. Unabofya kiungo, unaambiwa ukurasa haupo.

Hili linakugusa wewe uliye Ngara au Biharamulo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Ukitafuta habari na picha za kambi ya Benaco leo, huenda utazipata mtandaoni kabla ya kuzipata katika maktaba ya shule yako. Tovuti hizo zikizimwa, tutabaki na simulizi za wazee wetu, nao hawaishi milele.

Ndiyo maana zipo maktaba zinazonakili wavuti yenyewe. Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, hutumia programu zinazopita tovuti baada ya tovuti, zikinakili kurasa na kuziwekea tarehe. Tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzisoma nakala hizo bure.

Tarehe hiyo usiipuuze. Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo, na mwaka 2012 ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Ukurasa wa 2010 unaoiweka Chato Kagera haudanganyi. Ni wa zamani tu. Ukiunakili katika jibu la leo, alama imekwenda.

Hapa nchini, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Kusoma ni bure, bando si bure (hapo ndipo penye shida). Kwa shule zetu za pembezoni, naona njia inayofaa ni kupakua mara moja vile vinavyoruhusiwa na kuviweka kwenye kompyuta ya shule, visomwe bila mtandao.

Swali la kujipima: Ukurasa wa 2010 unaiweka Chato Kagera, wa 2015 unaiweka Geita. Kwa nini maktaba ihifadhi zote mbili? (Alama 5)